Kipande Shingoni mwa Bibi Adela

Kile kipande nilikivisha mimi. Naliandika hili mwanzo kabisa, kabla sijapata nafasi ya kulizungushia maneno, kwa kuwa kuzungusha maneno ndiyo kazi inayonilisha na hila zake nazijua. Kwa miaka arubaini na kitu nimekuwa nikisema kwamba aliyekivisha ni dada yangu Mejumaa. Nilimwambia hivyo mwalimu mkuu, nikamwambia mama, nikawaambia wenzangu wa chuo kikuu, na mwishowe nikaliandika katika makala niliyoisoma kwenye makongamano matatu. Katika makala hiyo dada yangu ni shujaa. Anasimama mbele ya mzungu akiwa na miaka kumi na minne na kumrudishia aibu yake. Wasikilizaji walifuta machozi. Mimi pia nilifuta, na mara moja kati ya hizo tatu yalikuwa machozi ya kweli.

Kilichoniharibia uongo huu mzuri ni harufu ya kafuri.

Mwaka jana mama yetu alifariki nyumbani Mwabungo, akiwa mzee aliyekwisha kuchoka. Tuliingia kumwosha sisi binti zake wawili pamoja na mwoshaji wa pale kijijini. Dada alisaga kafuri kwa mkono wake wa kulia, ule wenye vidole viwili vilivyopinda kama ndoana, akampaka mama kwenye paji la uso, puani, viganjani, magotini na miguuni, mahali pote panapogusa ardhi mtu anaposujudu. Mimi nilishika kata ya maji. Harufu ilipopanda sikumwona mama tena. Niliona veranda, kiti cha kamba, uzi wa sufu wa rangi ya buluu iliyoiva, na shingo nyeupe yenye makunyanzi. Kata ikaniponyoka ikalia sakafuni. Mwoshaji akanitazama kwa huruma, akidhani ni uchungu wa kufiwa. Nikamwacha adhani hivyo. Hiyo nayo ni tabia yangu ya siku nyingi.

Shule yetu ilikuwa ya mawe ya matumbawe na mabati, kati ya Mwabungo na Ukunda. Nilikuwa darasa la pili, mwaka ule ambao watu wazima hawakuwa na mazungumzo mengine ila uhuru. Babu yangu alichukua kipande chake, ile karatasi ya kazi ambayo wakati wa ujana wake wanaume waliivaa shingoni ndani ya kikasha cha bati, akakitupa chooni na kutuita wajukuu wote tushuhudie. Tulichungulia shimoni kwa heshima kubwa. Kesho yake tulirudi shuleni, ambako kipande kilikuwa kingali kazini.

Cha shuleni kilikuwa ubao mdogo wa mvule, wa kutosha kiganja cha mtoto, wenye kamba ya katani na maneno ya Kiingereza yaliyochomwa kwa msumari wa moto: mimi ni punda. Ndani ya ua wa shule lugha ya nyumbani ilikuwa marufuku, na kwetu sisi hiyo ilikuwa Kidigo. Aliyesikika akikitamka alivishwa kipande, naye alikaa nacho mpaka amsikie mwenziwe amvishe. Jioni ukienda nacho nyumbani ulilala nacho. Asubuhi mwenye kipande aliitwa mbele ya mstari na kuulizwa amekipata kwa nani. Huyo naye aliulizwa, na aliyemtangulia naye akaulizwa, mpaka mlolongo mzima ulikuwa umesimama mbele yetu, wakati mwingine watoto wanane au tisa, wote wameficha viganja kwapani ili kuvipasha joto. Tuliamini mkono wenye joto hauumii sana. Kisha henzerani ilianza kazi: mbili kwa wa kwanza, sita kwa wa mwisho. Ilikuwa na mluzi mwembamba, wa kupendeza kwa kweli, uliofika sikioni kabla ya fimbo kufika mkononi.

Msidhani kwamba tulisubiri mtu ateleze ulimi. Kusubiri kulikuwa kwa wajinga. Tuligundua mapema kwamba maumivu hayajui Kiingereza. Mtu akiumizwa ghafla humwita mama yake, na humwita kwa lugha aliyomwitia tangu mwanzo. Basi mwenye kipande alitafuta mwiba. Tulichomana kwa miiba ya mgunga, tukakanyagana vidole, tukabanana mikono kwenye vifuniko vya madawati. Msichana mmoja alimmwagia mwenziwe uji wa moto mapajani, naye alipolia alivishwa kipande kwanza ndipo akapelekwa kupakwa dawa. Mimi mwenyewe nilimchoma Saumu, rafiki yangu wa kufa na kuzikana, kwa ncha ya bikari nyuma ya goti. Jumatano moja alinilipa. Kengele ya mwisho ilikuwa inakaribia, nimeinama kufunga kitabu, nikahisi moto chini ya ukucha wa dole gumba la mguu. Nikalia, "Mayo!" Ndivyo Wadigo tunavyowaita mama zetu. Saumu alikuwa na kamba tayari mikononi. Aliniambia pole, na alimaanisha.

Mwalimu mkuu tulimwita Bwana Henzerani. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye magoti mekundu na Kiswahili safi kuliko chetu. Tulimhesabu kuwa Mwingereza, naye hakutaka tumhesabu vingine. Baadaye sana nilikuja kujua kwamba alizaliwa katika kisiwa cha Jersey, kipande cha nchi kilicho baharini karibu na Ufaransa, ambacho jina lake tunalivaa kila msimu wa baridi bila kujua, kwa sababu jezi zilianzia huko. Watu wa kisiwa hicho wana lugha yao, tawi la Kinormani, iliyokuwapo kabla Kiingereza hakijawafikia. Siku hizi waliobaki nayo ni wazee wachache. Wakati ule mimi nilimjua mtu mmoja tu aliyeizungumza, na nilidhani ni lugha ya wendawazimu.

Mtu huyo alikuwa dada yake, Bibi Adela. Alimzidi miaka mitano au sita, na mwalimu ndiye aliyemleta kutoka kwao alipobaki peke yake. Waliishi katika nyumba ya mwalimu mkuu, ndani ya ua uleule wa seng'enge uliozunguka shule, na mama yangu ndiye aliyeajiriwa kumwogesha, kumlisha na kumzuia asitembee kwenda ufukweni kwa gauni la kulalia. Uzee ulikuwa umemvua Kiingereza chote. Ilibaki lugha ya utotoni, nayo aliimwaga kutwa nzima huku akifuma masweta mazito ya buluu ambayo hakuna kiumbe wa pwani yetu aliyeyahitaji. Ndugu yake aliweka kafuri katika kasha lake la nguo kuzuia wadudu, hajui kwamba kwetu hiyo ni harufu ya maiti. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza nilimwogopa kama mtu aliyekwisha kuoshwa akasahauliwa kuzikwa.

Woga uliisha haraka. Nilimngojea mama pale kila nikitoka darasani, na Bibi Adela alipenda mtu wa kusema naye. Alionyesha jua akasema *sole*, nami nikasema *dzuwa*. Alichovya kidole katika bilauri akasema *lyo*, nikasema *madzi*. Mchanga, *sabyon*, *mtsanga*. Alicheka kila nilipotamka, akajaribu, akakosea, nami nikamsahihisha kwa ukali wa mwalimu. Alinifumia sweta. Nililivaa mwezi wa pili, jua la kichwa, nikitokwa na jasho kama chungu cha maharage, na hakuna nguo niliyowahi kuipenda hivyo.

Bwana Henzerani alimjibu kwa Kiingereza tu. Sikuwahi kumsikia akimjibu vingine. Mchana mmoja nilikuwa chini ya meza nikiokota uzi wakati Bibi Adela alipomwambia jambo refu, kwa sauti ya kubembeleza, akimshika mkono wa shati. Alimwambia aseme Kiingereza. Bibi akaendelea. Akamwambia tena. Mara ya tatu alimpiga kofi la mdomo, si kubwa, kama mtu anayeua mbu, kisha akanawa mikono na kuketi kula. Bibi Adela alijishika midomo kidogo, akarudi kwenye sindano zake. Nilibaki chini ya meza na uzi wangu, na kichwani mwangu sheria ikawa kamili. Naye pia amekatazwa. Naye yuko ndani ya ua.

Sasa mnaona nilikofika. Jumatano ile Saumu aliponivisha kipande nilikwenda nacho moja kwa moja kwenye ile veranda, mguu ukivuja damu. Sikuwa na nia ya kumrudishia mzungu aibu yake. Hayo niliyaweka baadaye, nikiwa na shahada. Nilikuwa na miaka minane, nilizihesabu fimbo sita za kesho, na nilimjua mtu mmoja ambaye hakika angesema lugha yake bila kuchomwa mwiba.

Mama alikuwa nyuma ya nyumba akianika mashuka. Dada Mejumaa, aliyekuwa darasa la saba na kiranja wa shule, alikuwa ameingia muda mfupi uliopita kuweka rundo la madaftari ya mwalimu mezani, akarudi darasani kufuta ubao. Bibi Adela aliniona akafurahi. Akaonyesha mbinguni akasema *sole*. Nikavua kamba shingoni mwangu, nikamvisha.

Kwanza alitabasamu, akidhani nimemletea mkufu. Akakishika kile kibao, akakigeuza, akapapasa tundu na kamba kwa kidole gumba. Sindano zikamwanguka. Uso wake ulirudi nyuma miaka sitini mbele ya macho yangu, sina njia nyingine ya kulieleza. Alifumba macho, akanyoosha viganja vyote viwili juu, wazi, kama tulivyovinyoosha sisi kila asubuhi, akaanza kusema maneno ambayo hakuwahi kunifundisha. Aliyasema upesi, kwa sauti nyembamba ya msichana, akayarudia, akayarudia tena. *Shne po me, musye, she ma fredhe. Shne po me, musye, she ma fredhe.* Ile *dhe* ya mwisho aliitamka vizuri kama mtu wa chuoni anayesoma Kurani.

Nilijaribu kumvua. Ndipo aliponirukia. Sikujua kwamba mzee anaweza kuwa na nguvu vile. Alinipiga kwa ngumi kichwani, akaning'ata begani juu ya sweta alilonifumia mwenyewe, na tulipoanguka pamoja sindano moja ilikuwa chini yangu, ikaingia katika mkono wangu wa kushoto na kutokeza upande wa pili wa ngozi. Kovu lipo. Wakati wote huo hakuacha kuyasema maneno yale.

Nilipoinua macho Bwana Henzerani alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alikuwa amesimama kwa muda gani. Alikuwa akisikiliza, na viganja vyake vilikuwa kwapani. Niliona hilo waziwazi, nikashangaa kidogo kwamba mtu mzima anahisi baridi saa tisa ya mchana, kisha nikalisahau kwa miaka mingi. Akaja, akapiga magoti, akamvua dada yake kipande taratibu mno, akizinasua nywele zilizonasa kwenye kamba moja baada ya nyingine. Akamfunika miguu. Akanitazama mimi.

"Nani?" aliuliza.

Nikasema, "Si mimi, bwana. Ni ndugu yangu, Mejumaa."

Nilisema kwa kunong'ona. Nawaapia nilinong'ona, na kwa miaka yote hii kunong'ona huko kulikuwa faraja yangu, kwamba hayupo aliyesikia isipokuwa yeye. Alichukua henzerani nyuma ya mlango na kutoka, kipande mkononi.

Darasa la saba lilikuwa hatua thelathini kutoka verandani. Nilisikia kengele ya baiskeli ya mtu barabarani, nikasikia kuku, kisha nikasikia mluzi. Kati ya fimbo na fimbo alikuwa akisema jambo, kila mara lilelile, kwa mpigo, kama anayeongoza darasa katika kukariri. Nilidhani ni aya ya Biblia. Nilihesabu mpaka kumi na moja, ndipo nikaziba masikio. Mejumaa hakulia kwa Kidigo wala kwa lugha yoyote. Waliokuwa dirishani walinisimulia baadaye: alipiga viganja kwanza, dada akakunja vidole, akampiga juu ya vidole hivyohivyo vilivyokunjwa, vikiwa ukingoni mwa dawati. Fimbo iligawanyika. Akaendelea na kipande kilichobaki.

Mama alifika na ndoo ya bati. Hakuuliza lolote. Alimpiga mwalimu mkuu kwa ndoo ile kichwani, na alipoinama akampiga tena mgongoni, na mara ya tatu ndoo ilibonyea ikakaa umbo la bega lake. Bwana Henzerani hakuinua mkono kujikinga. Damu ilimtiririka mpaka ndani ya kola, akasimama tu akimtazama mama kama mtu anayengoja atajiwe idadi ya fimbo zake. Kisha akasema, kwa kile Kiswahili chake safi, kwamba mama asirudi tena kazini.

Mapigo ya siku ile yalitembea kama kipande chenyewe, kila mmoja akitafuta wa kumvisha. Baba aliporudi kutoka Bongwe na kusikia kwamba kazi ya mama imekwenda kwa ajili ya utundu wa binti, alivua mkanda akamchapa Mejumaa juu ya yaliyokwisha kuwapo, mkono wake wa kulia ukining'inia. Mama akampiga baba kwa mwiko. Mimi nilikaa jikoni na kitambaa kwenye jeraha langu, nikalia mpaka wote wakanihurumia. Mama aliniuliza mara moja nilikuwa wapi. Nikamwambia kisimani, na kwamba nimesikia ni Mejumaa aliyemvisha bibi. Aliniamini hadi siku tuliyompaka kafuri.

Mganga wa mifupa alivifunga vile vidole kwa magome na vijiti. Vilikuwa viwili: cha shahada na cha kati. Mtihani wa mwisho wa shule ya msingi ulikuwa umebakisha wiki mbili. Dada yangu alikuwa msichana pekee katika darasa lake, na baba alikuwa ameahidi mbele ya wazee kwamba akifaulu ataendelea na sekondari Mombasa, asipofaulu kuna mtu wa Bongwe ameshaleta posa. Alijizoeza kuandika kwa mkono wa kushoto juu ya mchanga, kutwa kucha, akiufuta kwa mguu. Siku ya mtihani alirudi mapema. Alisema aliweza kuandika jina lake na nusu ya jibu la kwanza, kisha karatasi zikakusanywa. Harusi ilikuwa kabla ya mvua za masika. Nilivaa gauni jipya na kubeba kikapu cha asmini.

Bwana Henzerani na dada yake waliondoka muda mfupi baada ya bendera kubadilishwa. Mwalimu mkuu mpya alikuwa mtu wa kwetu, akakikuta kipande mezani, akaendelea nacho.

Maneno ya Bibi Adela mimi sikuyaacha yaende. Hayakutoka kichwani, basi nikayatafutia kazi: niliwafundisha wenzangu kuyarukia kamba. Yalifaa sana. *Shne po me*, miguu juu, *musye*, geuka, *she ma fredhe*, ondoka aingie mwingine. Saumu alikuwa bingwa wake. Mejumaa, mke wa mtu sasa, alikuwa akija kutusalimu na kukaa kizingitini kutazama, mkono ule ukiwa umefunikwa na leso.

Aliniuliza mara moja tu. Ilikuwa asubuhi ninayoondoka kwenda chuo kikuu, amenisaidia kufunga sanduku kwa kamba, akivuta kwa meno pale vidole vilipokataa. Akasema, "Riziki, ni nani aliyemvisha yule bibi?" Nikaapa wallahi si mimi, nikasema labda Saumu, nikaongeza na maelezo marefu juu ya Saumu. Akanisikiliza hadi mwisho. Akasema haya, gari lisije likakuacha.

Miaka ilipita na mimi nikawa mtu wa kuandika kuhusu haki za lugha. Msicheke, au chekeni, mimi mwenyewe hucheka. Nilipata mkate wangu kwa kueleza jinsi watoto walivyopigwa kwa sababu ya lugha zao, na ile makala ya shujaa Mejumaa ilitafsiriwa kwa Kiingereza ikasafiri kuliko mimi. Mwanawe mkubwa alimsomea siku moja, akimfasiria. Niliogopa kurudi Mwabungo mwaka mzima. Nilipokwenda, nilimkuta juu ya mbuzi akikuna nazi. Alisema nimemwandika vizuri. Akaendelea kukuna nazi.

Siku ya tatu ya matanga ya mama, simu yangu ililia. Tulikuwa uani, wanawake wakisugua masufuria, dada pembeni yangu akikata vitunguu kwa mkono wa kushoto, ambao umekuwa mwepesi kuliko wa kulia wa mtu mwingine yeyote. Namba ilikuwa ya ng'ambo. Aliyepiga alikuwa mwanamke wa kisiwa cha Jersey, mwalimu anayewafundisha watoto wa huko ile lugha ya wazee wao ili isizikwe pamoja nao. Alikuwa amesoma makala yangu, akapewa namba na mchapishaji. Alisema samahani kwa usumbufu. Mahali pamoja nimeandika kwamba yule bibi alirudiarudia maneno yasiyoeleweka. Je, kwa bahati yoyote, nayakumbuka?

Nilimwambia nayakumbuka. Nilipojaribu kuyasema polepole yalikataa. Ilibidi nipige mguu chini kwa mdundo wa kamba, mwanamke wa miaka hamsini na kitu katika nguo za msiba, jirani zangu wakinitazama. *Shne po me, musye, she ma fredhe.*

Akaniomba nirudie, nikarudia. Alisema hajawahi kusikia ile *dhe* ikitamkwa vile na mtu asiye wa kisiwani. Kisha akaniuliza kama bibi huyo alikuwa na ndugu wa kiume. Nikamjibu alikuwa naye, mdogo wake. Akavuta pumzi. Alisema kwamba hayo ni maneno ya mtoto aliyesimama mbele ya mwalimu. Zamani, katika shule waliyokwenda bibi zake, waliosema lugha yao walipigwa vibaya, na waliulizwa ni nani alianza. Akanifasiria.

Nikaona viganja kwapani. Nikamwona kijana mdogo amesimama katika shule ya mbali, akimsikia dada yake akimtaja, na miaka sitini baadaye akimsikia tena, mlangoni mwa nyumba yake, neno kwa neno. Alijua alichokuwa akikisikia. Na mara tu baada ya hapo akaniuliza mimi nani, na mimi, ambaye sikujua hata neno moja la sentensi ile, nikamjibu kwa hiyohiyo.

"Anasemaje huyo?" dada aliuliza. Kiingereza chake cha shule kilikwisha kumtoka siku nyingi, na alikuwa ameyatambua maneno ya kamba.

Nikaishusha simu kidogo. Nikamfasiria kwa Kidigo, kwa kuwa mimi na yeye hatuna lugha nyingine ya mambo ya kweli. Nikasema: "Si mimi, bwana. Ni ndugu yangu."

Dada hakuinua kichwa. Kisu kilikata kitunguu hadi mwisho.

"Hayo ni maneno yako," alisema. "Bwana Henzerani alinisomea hayo kila alipoinua fimbo. Mimi nakuuliza huyo wa kwenye simu anasemaje."